Barua ya wazi kwa wenye meli za kitalii: mishahara ilipwe na mwajiri

KWA: Chama cha Kimataifa cha Kampuni za Meli za Kitalii (CLIA), Washington, na Bodi za Wakurugenzi za Carnival, Royal Caribbean na Norwegian, Miami.

YAH: BAKSHISHI ILIYOGEUZWA MSHAHARA

Waheshimiwa wakurugenzi,

Kaskazi ikishika, meli zenu huanza kuonekana kwenye pwani hii ya Afrika Mashariki. Hutia nanga Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, na abiria hushuka kwa mapokezi ya ngoma, madafu na kamera za magazeti. Wakubwa wa serikali huja bandarini kushikana mikono. Waendesha teksi na wauza vinyago hujipanga tangu alfajiri. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee, na hakuna anayetaka kuwafukuza wageni wenu.

Ila kamera hizo haziteremki chini ya sitaha. Nyuma ya kaunta za baa, kwenye korido za vyumba, jikoni na kwenye chumba cha dobi wamo vijana wa Likoni na Kisauni, wa Temeke na Unguja, bega kwa bega na Wafilipino, Wahindi, Waindonesia na Wajamaika. Si rahisi wao wenyewe kuwaandikia barua kama hii. Mkataba wa miezi sita au minane huisha, na unaofuata hutolewa kwa hiari ya kampuni; mwenye mdomo mrefu husubiri simu ambayo haiji. Kwa hiyo inaandikwa na mtu wa nchi kavu.

Iangalieni kwanza karatasi moja ndogo. Abiria aliyejinyoosha kando ya bwawa la kuogelea anaagiza bia. Hatoi noti, maana melini noti hazina kazi kubwa. Anatoa kadi ya chumba chake. Mhudumu anaipitisha kwenye mashine, anarudi na kopo la baridi, kalamu na risiti. Kwenye risiti kuna bei ya bia. Chini yake kuna asilimia 18, imekwisha kujumlishwa. Chini zaidi kuna mstari mtupu wa bakshishi ya ziada, halafu nafasi ya sahihi. Abiria anaiona ile 18, anaridhika kwamba kijana keshalipwa, anauruka mstari mtupu na kutia sahihi. Kijana anashukuru, anatabasamu, anahamia kiti cha pili. Kiasi gani cha ile 18 kitafika mfukoni mwake, abiria hajui, na hakuna karatasi nyingine melini itakayomwambia.

Malalamiko yenyewe ni haya.

1. Mnachokiita bakshishi si bakshishi.

Zamani bakshishi ya melini ilikuwa bahasha. Usiku wa mwisho wa safari abiria alimpa mhudumu wa meza yake na wa chumba chake, mkono kwa mkono, kiasi alichoona kinafaa. Norwegian ilipoanzisha mwaka 2000 mtindo wa abiria kula mgahawa autakao saa aitakayo, yule mhudumu wa meza moja akatoweka na bahasha ikakosa wa kupewa. Tozo ya kila siku ikapata mlango wa kuingilia, na haijatoka tena. Carnival iliipandisha kutoka dola 14.50 hadi 16 kwa kila mtu kwa siku mnamo Aprili 2023. Mwaka huo huo Norwegian ikafika dola 20. Royal Caribbean, mwaka 2025, ilikuwa ikitoza dola 18.50 kwa wenye vyumba vya kawaida. Mtoto wa miaka minne anayekula chipsi na kulala saa mbili usiku anatozwa sawasawa na babu yake anayekesha kasino.

Kwenye baa ni asilimia 18 kwa Royal Caribbean, na 20 kwa Norwegian. Hata abiria wa Norwegian aliyevutwa na ofa ya vinywaji vya bure hutozwa asilimia 20 ya bei ya kifurushi kizima, anywe asinywe. Bure hiyo ina gharama.

Mamlaka ya kodi ya Marekani, nchi mnakokaa, ilikwisha kulieleza jambo hili katika mwongozo wake wa mwaka 2012. Ili malipo yaitwe bakshishi, mteja asiwe amelazimishwa. Awe na uhuru kamili wa kupanga kiasi. Kiasi hicho kisiwe kimeamuliwa na sera ya mwajiri. Na kwa kawaida mteja ndiye achague wa kumpa. Pasipo hayo, ni tozo ya huduma, yaani ni mapato ya biashara ambayo mwajiri akiyagawa kwa wafanyakazi anakuwa amewalipa ujira. Asilimia 18 iliyochapwa kabla kopo halijafunguliwa inapita sharti lipi kati ya hayo manne?

2. Fedha ni nyingi, maelezo ni machache.

Hesabu si ngumu. Icon of the Seas ya Royal Caribbean, iliyoanza safari Januari 2024, huchukua abiria 5,610 vyumba vikijaa watu wawili wawili, na wafanyakazi 2,350. Zidisha abiria hao kwa dola 18.50: ni dola 103,785 kwa siku. Kwa safari ya siku saba ni dola 726,495. Hapo hazijaguswa tozo za baa, wala za wenye vyumba vya kifahari wanaotozwa zaidi, wala abiria wa kitanda cha tatu na cha nne. Meli moja, wiki moja.

Fedha hizo zinagawanywaje? Majibu yenu kwa umma ni sentensi mbili tatu: zinakwenda kwa wahudumu wa vyumba, wa migahawa, na wafanyakazi wengine wa idara ya hoteli wanaoboresha safari ya mgeni. Hao wengine ni akina nani? Wapo wasimamizi ndani yake? Mwosha sufuria anapata ngapi, na mhudumu wa baa ambaye asilimia zake zinapita njia nyingine anapata ngapi? Kampuni inayoweza kumwonyesha abiria kwenye simu yake kila kikombe cha kahawa alichokunywa tangu Jumatatu haiwezi kushindwa kuchapisha jedwali la mistari kumi.

3. Bakshishi inajaza kwanza shimo la mwajiri.

Hapa ndipo penye kiini cha barua hii, na ndipo abiria wengi wasipopaona. Katika mikataba mingi ya wahudumu wa meli za kitalii kuna kiwango cha mapato kilichohakikishwa, na bakshishi huhesabiwa ndani yake. Mshahara wa msingi huwa mdogo. Bakshishi humwagwa juu yake. Jumla yake ikiwa chini ya kiwango, kampuni hufidia tofauti.

Kwa mfano wa tarakimu za kubuni, chukueni mkataba unaomhakikishia mhudumu dola 1,200 kwa mwezi, bakshishi ikiwemo, na mshahara wa msingi dola 200. Mwezi ambao bakshishi ni 700, kampuni inaongeza 300. Mwezi ambao abiria wamefurahi na bakshishi zikafika 900, kampuni inaongeza 100. Mhudumu ameondoka na 1,200 ile ile miezi yote miwili. Ukarimu wa abiria umempunguzia mwenye meli dola 200 za gharama. Bibi aliyeongeza bakshishi kwenye hesabu yake kwa moyo safi, akikumbuka jina la kijana aliyemletea chai kila asubuhi, amemchangia mwenye hisa.

Bila shaka wapo wahudumu wanaovuka kiwango hicho, tena mbali, hasa wa baa zenye shughuli nyingi katika meli za Karibi. Wasingekuwepo, vijana wetu wasingepanga foleni kuomba kazi hizi. Lakini mpango wenyewe umejengwa ili faida ya mwezi mzuri iende kwanza kwa mwenye meli, si kwa mwenye trei.

Mnakumbuka yaliyoipata P&O Cruises, kampuni ya Uingereza iliyo chini ya Carnival. Mwaka 2012 gazeti la The Guardian lilifichua kwamba baadhi ya wafanyakazi wake walikuwa wakilipwa mshahara wa msingi wa pauni 250 kwa mwezi, sawa na peni 75 kwa saa, na kwamba utaratibu mpya wa bakshishi ungeifunga sehemu ya fedha hizo kwenye alama wanazotoa abiria katika dodoso la mwisho wa safari. Vyama vya wafanyakazi vilipiga kelele. Kampuni ilijitetea kwamba haikuvunja sheria yoyote, na kwa bendera zilizopepea kwenye meli zake, ilikuwa sahihi.

4. Sheria mmeikwepa kwa bendera.

Makao yenu ni Miami, abiria wenu wengi ni Wamarekani, tiketi zinalipwa kwa dola. Lakini Royal Caribbean imeandikishwa Liberia, Norwegian imeandikishwa Bermuda, Carnival kwa miongo mingi ilikuwa kampuni ya Panama, na meli zenyewe hupeperusha bendera za Bahama, Panama na kadhalika. Sheria ya Marekani ya kima cha chini cha mshahara humwacha nje baharia wa meli isiyo ya Kimarekani. Mwaka 2018 Bunge la nchi hiyo lilipiga marufuku waajiri kujiwekea bakshishi za wafanyakazi. Wa bara wanayo kinga hiyo, wa baharini hawamo.

Wala msiseme haiwezekani kuendesha meli kwa sheria hizo. Norwegian inayo meli ya Pride of America, inayozunguka visiwa vya Hawaii kwa bendera ya Marekani, na wafanyakazi wake wanalindwa na sheria za kazi za Marekani. Meli hiyo haijazama.

Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika Agosti 2013, umesaidia. Kenya iliuridhia mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019. Marekani hadi leo haijauridhia. Mkataba huo unaruhusu nchi yenye bendera kuchagua: ama kuweka kikomo cha saa 72 za kazi kwa wiki, ama kuweka angalau saa 77 za mapumziko. Wiki ina saa 168. Ondoeni 77, zinabaki 91, na hizo zinaweza kuwa saa za kazi kihalali kabisa. Mhudumu wa baa hufanya kazi kila siku ya mkataba wake, Jumapili, Idi na Krismasi zikiwemo, bila siku nzima ya mapumziko. Kima cha chini kilichokubaliwa kimataifa kwa baharia mzoefu kilikuwa dola 673 kwa mwezi mwaka 2025, kwa msingi wa saa 48 kwa wiki, na kiwango hicho hakikuandikwa kwa ajili ya mbeba trei.

Akidhulumiwa, aende wapi? Tangu Mahakama ya Rufani ya Duru ya 11 huko Marekani ilipowafungia mlango, mwaka 2005, Wafilipino walioumia na jamaa za waliokufa katika mlipuko wa boila la meli ya SS Norway bandarini Miami, vifungu vya usuluhishi nje ya mahakama vimekuwa kitu cha kawaida katika mikataba yenu. Kijana wa Kisauni mwenye mgogoro wa bakshishi anaweza kujikuta anatakiwa kwenda kusuluhishwa katika nchi ambayo hana hata viza yake.

5. Tozo imepanda, huduma imepunguzwa.

Norwegian ilipopandisha tozo hadi dola 20 mwaka 2023, ilipunguza pia usafi wa vyumba vya kawaida kutoka mara mbili kwa siku hadi mara moja. Royal Caribbean nayo ilifanya hivyo kwa vyumba vya kawaida. Abiria akakasirika, na hasira ile ikamwangukia mhudumu aliyesimama mlangoni na taulo, siyo ofisa aliyeandika waraka. Alama za dodoso zikishuka, zinashuka kwa jina lake.

Uzito wa kazi hiyo ulikwisha kufika mahakamani. Wahudumu wakuu wa vyumba wa Norwegian waliishitaki kampuni wakidai kwamba kazi za siku ya kubadilisha abiria, pale watu elfu kadhaa wanaposhuka asubuhi na wengine kupanda adhuhuri, zilikuwa nyingi kiasi kwamba ilibidi wawalipe wasaidizi kutoka kwenye mapato yao wenyewe. Kesi hiyo ilifika hadi Duru ya 11 mwaka 2013. Lisomwe tena dai hilo: mtu anayelipwa kwa bakshishi anatoa bakshishi ili amalize kazi ya mwajiri.

6. Mmemfanya abiria mlipa mshahara, kisha mkampa kalamu ya kuufuta.

Nendeni kwenye kaunta ya huduma kwa wageni usiku wa mwisho wa safari. Foleni inazunguka nguzo. Wapo wenye madai ya kweli, na wapo waliokuja kwa shughuli moja tu, kuondolewa tozo ya kila siku kwenye hesabu yao. Baadhi wanasema watatoa taslimu kwa aliyewahudumia. Wengine hawasemi kitu. Ofisa wa kaunta anabonyeza kitufe, na familia ya watu wanne iliyokaa siku saba katika meli ya dola 16 inarudishiwa dola 448. (Mwandishi hana maneno laini kwa abiria hao. Anayemudu safari anamudu na anayemtandikia kitanda.)

Hata mwenye nia njema anakwama. Katika baadhi ya meli, abiria akishafuta tozo, mhudumu anatakiwa kuzipeleka kwenye mfuko wa pamoja noti alizopewa mkononi na abiria huyo. Aliyetoa haambiwi. Anaagana na kijana kwa kumkumbatia, akiamini amempa dola hamsini.

7. Deni linaanza kabla ya kupanda meli.

Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kupata kazi. Anachoweza kugharimia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Ndivyo ilivyoandikwa. Huku kwetu, Mamlaka ya Bahari ya Kenya imelazimika mara kwa mara kuwatahadharisha wananchi dhidi ya mawakala wasio na leseni wanaouza ndoto za melini. Kijana hulipia mafunzo ya usalama baharini, nauli za kwenda na kurudi ofisini, na mara nyingine "ada ya fomu" isiyo na risiti. Mama anauza mbuzi, mjomba anakopa kwenye chama. Kijana anafika kwenye kaunta yenu ya baa akiwa na deni tayari, na mtu mwenye deni hahoji hesabu za bakshishi. Mnanufaika na ukimya huo, hata kama si ninyi mliomkopesha.

Waheshimiwa, yaliyotokea mwaka 2020 yanaonyesha ujira wa aina hii unamwacha mtu wapi. Machi ya mwaka ule safari zilisimamishwa, abiria wakarudi kwao, bakshishi zikakauka siku hiyo hiyo. Wafanyakazi wapatao 100,000 walibaki melini kwa wiki na miezi, wengi bila ujira wao wa kawaida, wakati nchi zikibishana kuhusu kuwapokea. Kufikia Mei na Juni, katika Ghuba ya Manila pekee, meli za kitalii zaidi ya 20 zilikuwa zimetia nanga zikiwa na mabaharia wanaosubiri ruhusa ya kushuka waende makwao. Mtu ambaye ujira wake unategemea mgeni hana ujira mgeni asipokuwepo, hata kama yeye yupo kazini, ndani ya sare, ndani ya meli yenu.

Mtajitetea, na utetezi wenu unajulikana. Mtasema nauli zikipanda abiria watakimbia. Mbona Australia hawakukimbia? Baadhi ya kampuni hizi hizi zikiweka meli Sydney, Carnival ikiwemo, huuzia soko lile nauli ambayo bakshishi imo ndani yake, kwa sababu Mwaustralia hakuzoea kutozwa mara mbili. Meli ni zile zile, na wanaobeba trei ni wale wale. P&O Cruises yenyewe, baada ya aibu ya 2012, ilifuta tozo ya kila siku kuanzia Mei 2019 na kuingiza gharama hiyo katika nauli. Kampuni za meli za kifahari, Regent, Silversea na Seabourn, zimefanya hivyo kwa miaka mingi, na Regent ni dada wa Norwegian, Silversea wa Royal Caribbean, Seabourn wa Carnival. Tajiri mnamwonea haya kumdai bakshishi. Anayedaiwa kila siku ni fundi bomba wa Ohio aliyejibana mwaka mzima.

Mtasema pia kwamba wafanyakazi hurudi mkataba baada ya mkataba, kwa hiyo wameridhika. Wanarudi kwa sababu karo za shule haziliwi na upepo wa bahari. Na faida? Mwaka 2024 Royal Caribbean ilipata faida halisi ya karibu dola bilioni 2.9, na Carnival bilioni 1.9. Chama chenu kilitangaza abiria milioni 34.6 kwa mwaka huo. Mwaka wa namna hiyo si mwaka wa kulia njaa.

Kinachoombwa ni hiki:

(a) Tozo ya kila siku ifutwe na gharama yake iingizwe kwenye nauli katika masoko yote, kama mlivyofanya Australia. Anayetaka kumpa mhudumu zawadi juu ya hapo atoe, na aliyepewa abaki nayo yote, bila kuipeleka kwenye mfuko wa pamoja.

(b) Kiwango kilichohakikishwa kwenye mkataba kilipwe chote na mwajiri. Bakshishi ije juu yake, isiwe ndani yake.

(c) Hadi hayo yatimie, kila meli ibandike mgawanyo wa tozo mahali panapoonekana na abiria na wafanyakazi, kwa asilimia za kila idara, na hati ya mshahara ionyeshe bakshishi katika mstari wake peke yake. Jambo hili linafanyika Kilimanjaro. Mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, ulioanzishwa mwaka 2003 na wenye makao Moshi, umewafundisha wapanda mlima na kampuni zinazoshirikiana nao kutangaza bakshishi mbele ya kundi zima, wapagazi, mpishi na waongozaji, kila mtu akijua fungu la mwenzake. Zinatangazwa kwa sauti, watu wakiwa na matope hadi magotini. Kampuni yenye kompyuta za mamilioni haina udhuru.

(d) Alama za dodoso zisiguse ujira. Zitumike kufundishia, basi.

(e) Wakala yeyote wa Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar atakayebainika kumtoza kijana ada ya kazi afutwe kwenye orodha yenu, na kijana arudishiwe fedha zake na kampuni iliyomwajiri. Ninyi mnaweza kuzidai kwa wakala, yeye hawezi.

Ombi la kwanza na la pili yanahitaji bodi kukaa, linaeleweka hilo. La tatu linahitaji mashine ya kuchapa na gundi.

Wakuu wa kampuni zenu hukutana kila mwaka katika maonyesho ya Seatrade, ambako hupanda jukwaani pamoja kuzungumzia hali ya biashara: meli mpya, mafuta safi, visiwa binafsi. Barua hii inaomba suala la ujira wa wahudumu liwekwe kwenye ratiba ya jukwaa hilo, na mhudumu wa baa mmoja, aliye kazini, apewe kiti na kipaza sauti, kwa dhamana ya maandishi kwamba mkataba wake ujao hautaguswa. Majibu yenu yanaweza kuja kwa Kiingereza. Yatatafsiriwa na kuchapishwa yote, bila kukatwa neno.

Wasalaam,

Mwandishi

Nakala:
Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Usafirishaji (ITF), London
Mamlaka ya Bahari ya Kenya, Mombasa
Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), Dar es Salaam
Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar
Chama cha Mabaharia wa Kenya, Mombasa